Marehemu Yuko Mjini

Jumatatu, 9 Juni

Nimefika. Miaka tisa sijakanyaga hapa, leo nimefika, na hakuna aliyekuja kunipokea stendi! Dada alisema yuko jikoni, kazini. Shemeji alisema yuko njiani. Njia gani hiyo isiyofika? Nimeburuta sanduku mwenyewe, mlima wote, nikiwa na viatu vipya. Kiatu cha kushoto kina uadui na kisigino changu.

Niandike lengo la safari mapema, watu wasije wakalipotosha. Niliondoka mji huu nikiwa mwembamba, mwenye nywele, na nyundo ya kuazima. Nimerudi na karakana ya milango ya chuma, mafundi sita, mashine mbili za kuchomelea na kilo thelathini na moja za ziada. Nywele sina. Huwezi kupata vyote.

Lengo: kuingia kwenye baa yangu ya zamani, Kwa Mama Kaunta, wakati imejaa. Kusimama mlangoni. Kuwaacha wanitazame. Sitasema neno, suti itasema. Kisha nikae kwenye kiti changu cha dirishani na nimtazame Kibiriti usoni.

Kibiriti ni fundi rangi. Jina alilipata kwa tabia: anawasha watu, halafu anakaa pembeni kuangalia moto. Siku naondoka alitangaza mbele ya baa nzima kwamba nitarudi kabla mwezi haujaisha, na nyundo ya watu nitakuwa nimeuza. Wakacheka. Miaka tisa nimelala na kicheko hicho kama mto.

Dada amerudi jioni, ananukia vitunguu. Akanikumbatia, akasema nimenenepa, akalia kidogo, akasema tena nimenenepa. Nikamwambia kesho nakwenda Kwa Mama Kaunta.

Kijiko kikamtoka mkononi. Akasema imefungwa. Papo hapo shemeji naye akasema inafanyiwa ukarabati. Wakatazamana. Nikauliza ni kipi kati ya hivyo viwili. Dada akasema imefungwa kwa ajili ya ukarabati. Shemeji akaitikia ndiyo, choo.

Mimi ni mtu wa hesabu. Watu wawili, majibu matatu.

Jumanne, 10 Juni

Kitanda cha wageni kina sentimita mia na sabini. Mimi nina mia na sabini na nane. Zile nane zimelala nje.

Nimeanza ziara ya baa za zamani. Ya kwanza, ile ya kona ya soko, sasa ni duka la simu. Nikasimama palepale ilipokuwa kaunta, nikafumba macho kidogo nikumbuke. Binti wa dukani akauliza nataka kava la rangi gani.

Ya pili ni shule ya chekechea! Nilisimama getini kutazama dirisha ambalo ujanani nilitolewa kupitia hapo. Mlinzi akauliza mtoto wangu ni yupi. Nikasema sina. Akasema basi, mzee, sogea. Suti yote hii, na bado nisogee. Kwa roho safi tu nikamweleza kwamba geti lake limepinda na bawaba alizofungiwa ni za kabati la vyombo. Akanyanyua rungu. Ndiyo shukrani ya utaalamu.

Ya tatu ipo, ila wameijaza televisheni. Saba. Wateja wanne. Kila mteja ana televisheni moja na robo tatu, na hakuna anayetazama. Bia imekuja na povu la vidole vitatu. Nikalalamika. Mhudumu akasema, babu, povu nalo ni bia. Asubuhi mzee, mchana babu. Kwa mwendo huu ikifika jioni nitakuwa wapi?

Jioni nimejua nitakuwa wapi.

Miguu ilinipeleka yenyewe Kwa Mama Kaunta. Pako wazi. Ukarabati hakuna. Choo kizima, nimekikagua. Nikasimama mlangoni kama nilivyopanga, kidevu juu, mkono mmoja mfukoni. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikakohoa. Mtu mmoja akasema ingia au toka, bwana wee, vumbi.

Ndipo nikauona ukuta. Picha yangu! Kubwa, fremu ya rangi ya dhahabu. Mimi na nywele zangu zote, nacheka. Kumbe wananithamini hivi! Nikasogea kusoma maandishi ya chini.

MAREHEMU FUTIKAMBA. UMETUTOKA, ILA HUJATUTOKA MOYONI.

Futikamba ni mimi. Ndilo jina langu la baa, kwa sababu sijawahi kutembea bila futikamba mfukoni. Hata wakati ule nasoma nilikuwa nimeishika.

Nimeondoka bila kuagiza kitu. Njia nzima nimekuwa nikijipapasa.

Jumatano, 11 Juni

Dada amesema yote kabla chai haijapoa.

Miaka mitatu iliyopita alikwenda kwa Mama Kaunta kutafuta kazi. Mama Kaunta akamuuliza, na yule kaka yako je? Dada akashusha pumzi, akajibu: aa, kaka katutoka. Alimaanisha nimehama, nimewatupa, simu sipigi. Anaapa alikuwa anaendelea kusema nimekwenda wapi. Lakini Mama Kaunta alishajifunika uso kwa aproni, na kuna mtu pembeni alishazima redio. Dada akaona aibu kumfunua mtu aproni. Wiki iliyofuata wakamwita wakampa jiko lote la nyuma, apike na auze chakula chake humo. Dada wa marehemu, walisema, hawezi kuhangaika mjini na sisi tupo.

Nikamuuliza kwani neno "kahama" lilikuwa na kasoro gani. Kahama! Neno fupi, halijawahi kuua mtu! Akaniuliza kabla ya siku ile nilikuwa nimempigia simu mara ngapi. Nikasema ngoja nipige hesabu. Akasema usisumbuke kaka, mara tisa, na mara nne ulikuwa unaulizia kipimo cha dirisha ulilosema utaniletea. Dirisha liko wapi?

Sikupenda mazungumzo yanakoelekea. Nikaomba sukari.

Sasa kiini chenyewe. Jumamosi Mama Kaunta anaamua moja kwa moja jiko liwe la nani. Mke wa Kibiriti analitaka, na Kibiriti anampigia debe asubuhi na jioni. Wateja wote wa zamani wako upande wa dada, kwa heshima ya marehemu. Marehemu akionekana anatembea, dada anakuwa mwongo mbele ya baa nzima, na jiko linakwenda. Jiko likienda, nyumba hii inakula nini? Shemeji ni fundi saa. Watu siku hizi saa wanaangalia kwenye simu.

Dada kanishika mikono yote miwili. Akasema, kaka, nakuomba. Mpaka Jumamosi tu. Kaa umekufa.

Nimeahidi. Nimeapa kabisa. Sitakwenda.

Kumbe kukaa umekufa ni kazi ngumu. Ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa nimeshakaza miguu ya meza, nimenyoosha pazia na kuhamisha kabati ambalo halikuwa limelalamika. Nikahamia mlango wa mbele. Ulikuwa haufungi vizuri. Sasa unafunga vizuri sana. Tatizo ni kufungua. Shemeji amerudi mchana akaingilia dirishani, kiatu kimoja kwanza, akaniomba kwa adabu kubwa nisiguse kitu kingine chochote, shemeji yangu, tafadhali.

Saa nane nimekaa kitandani nikitikisa goti. Baa iko hatua chache tu kutoka hapa. Humo ndani wananisema! Nani alishawahi kupata nafasi ya kusikia sifa zake mwenyewe, akaikalia kitandani?

Saa tisa, wazo. Niliyeahidi ni mimi. Binamu yangu hajaahidi kitu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimenunua miwani na kofia. Nimesubiri dada aondoke jikoni kwenda sokoni, nikaingia baa kwa mlango wa mbele. Nikajitambulisha: binamu wa marehemu, natoka mbali, nimepita kutoa heshima.

Redio ikazimwa! Viti vikasogezwa! Wazee watatu walisimama kunipa mkono. Bia ikaja yenyewe, povu sentimita moja tu, kama inavyotakiwa. Nilipokuwa hai hapa sikuwahi kupata huduma hii.

Mama Kaunta alinitazama kwa muda, akasema kweli damu ni nzito, sura mmeshabihiana, ila marehemu alikuwa mrefu zaidi. Mrefu zaidi! Mia na sabini na nane, jana na leo! Mzee mmoja, dobi aliyestaafu, akaongeza kwamba na sura alikuwa nayo, yule Mungu hakumpunja. Kibiriti akasema, na tumbo hakuwa nalo.

Nikanywa kimyakimya. Mengine niliyosikia kuhusu mimi: nilikuwa mpole. Nilikuwa mchache wa maneno. Nilikuwa na sauti ya kuimba. Niliwahi kumbeba mgonjwa mgongoni mpaka hospitali wakati wa mvua. Hakuna hata moja la kweli, ila lile la mgonjwa lilinitoa machozi. Nimeanza kumpenda huyu mtu.

Kibiriti amekaa kwenye kiti changu. Cha dirishani! Anasema marehemu na yeye walikuwa pete na kidole. Anasema siku ya kuondoka alinisindikiza stendi, akanipungia mpaka basi likapotea. Mwongo mkubwa! Alichopunga ni ganda la ndizi, na alinilenga nalo.

Halafu kuna benchi. Walilitengeneza kwa kumbukumbu yangu, wakaandika jina. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikalipima. Sentimita tisini na nne. Pembeni yake kuna benchi la marehemu mwingine, dereva wa lori. Mia na ishirini! Na yule alikuwa anakuja mwisho wa wiki tu! Nimekaa pale nusu saa nikitafuta sababu ya hizo ishirini na sita.

Mama Kaunta akasema nimekuja wakati mzuri. Kesho Ijumaa, na kila Ijumaa jioni wanamkumbuka Futikamba: kila mtu glasi moja na hadithi moja. Safari hii familia itazungumza. Nikasema nitafikiria. Nilikuwa nimeshafika aya ya tatu kichwani.

Kibiriti alinisindikiza mpaka mlangoni. Akaniuliza binamu unafanya kazi gani. Nikasema nauza mayai. Akautazama mlango, akasema huu nao unakwaruza chini, sijui una nini. Nikamwambia ni bawaba ya juu, imelegea, na fremu imeachia milimita nne upande wa kulia. Akaniangalia. Akasema, hongera muuza mayai. Akacheka peke yake. Mtu wa ajabu.

Nyumbani dada kaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema natembeatembea, nanyoosha miguu. Akanusa hewa.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika haraka kabla dada hajaamua kunitupa nje na daftari langu.

Nilipanga hivi: nifike wakati jiko limechachamaa, dada asipate nafasi ya kutoka. Nizungumze, niondoke. Baa ilifurika. Nikahesabu vichwa, siwezi kujizuia. Jana walikuwa kumi na wanne. Leo arobaini na watatu! Kwa ajili yangu! Watu wamesimama mpaka barazani.

Dada akatokea na sinia la viazi. Akaniona. Sinia likainama, viazi vitatu vikaanguka. Mama Kaunta akamuuliza kama anamfahamu huyu ndugu. Dada akasema nitaachaje kumfahamu, ni binamu, mjinga kuliko wote kwenye ukoo wetu. Baa ikacheka. Nami nikacheka, kulinda siri. Alipopita nyuma yangu alinifinya mbavu mpaka miwani ikapata ukungu.

Hotuba ilikwenda vizuri kupita kiasi. Nilisema marehemu hakuwa na mtu wa kumshika mkono, alijijenga kwa jasho lake. Nilisema wapo waliomcheka, na leo hao ndio wanakaa kwenye kiti chake. Nilisema benchi ni zuri, fupi lakini zuri. Dobi alilia kwenye kofia yake. Nililia mwenyewe. Nilipokaa watu walinipigapiga mgongoni na kusema pole, pole sana, jikaze.

Basi. Hapo ningeondoka. Mtu mwenye akili angeondoka.

Kibiriti akasimama. Akasema na yeye ana neno dogo tu la ukumbusho. Marehemu alikuwa ndugu yake, lakini ukweli usemwe, drafti ilimpiga chenga. Walicheza michezo arobaini na minane. Yeye Kibiriti alishinda thelathini na mmoja. Marehemu, Mungu amrehemu, kumi na saba.

Nikabana meno. Kwenye mlango wa jiko dada anatikisa kichwa, usithubutu, usithubutu. Nikaangalia sakafu. Nikafikiria mayai.

Kibiriti akanitazama usoni kabisa, akaongeza kwa sauti ya huruma: na ule mchezo wa mwisho, maskini, aliomba sare.

Sare!

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijisikia tu nasema kwamba thelathini na mmoja ni yangu! Kumi na saba ndiyo yako! Na sare uliomba wewe, ukasingizia tumbo, ukakimbilia choo cha nyuma ukaruka ukuta!

Dobi akainua mkono taratibu, mtu mwema yule, akauliza: kwa hiyo marehemu alikuwa anamsimulia binamu yake kila kitu?

Mlango huo hapo, umeachwa wazi, mpana. Ningesema ndiyo. Silabi mbili!

Nikasema simulizi gani tena, Futikamba ni mimi hapa!

Glasi ikaanguka mahali. Mtu mmoja akamwita mama yake. Mama Kaunta akaangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia picha. Kibiriti akakaa chini polepole, kama fundi aliyemaliza ukuta anaupisha ukauke. Akasema, haya jamani, sasa muulizeni mpishi wenu kaka yake alikufa lini.

Kumbe alinijua tangu jana! Tangu kwenye bawaba!

Dada alivua aproni. Akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kaunta, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kumwangalia mtu. Mimi hakuniangalia hata kidogo.

Hata hivyo, iandikwe: hakuna aliyepinga ile thelathini na mmoja.

Jumamosi, 14 Juni

Dada hasemi na mimi. Chai kaniwekea, lakini kikombe kakisukuma kwa kidole kimoja. Shemeji amenipa sentensi moja, ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia kutoka kwake: kwamba watu humletea saa zilizosimama wakidai walizitikisa zikagoma, lakini mimi ni mtu wa kwanza anayemfahamu anayetikisa saa inayotembea.

Mchana tukaenda wote kwa Mama Kaunta. Wazee wamekaa, Kibiriti kwenye kiti changu, mke wake pembeni, na tayari kavaa aproni mpya.

Dada alisimama. Hakulia, hakuomba. Akasema: mimi nilisema katutoka. Katutoka kweli, nyumba ilibaki tupu, miaka ikapita. Nyie mkaanza kulia kabla sijamaliza. Nilipopata nguvu ya kuwaambia, benchi lilikuwa limeshapigwa vanishi. Kosa langu ni kunyamaza, nalikubali. Ila vyungu havikunyamaza, kila siku nimepika, na hakuna siku nimewalaza njaa. Akakaa.

Kibiriti akasema mwongo ni mwongo. Miaka mitatu tunamlilia mtu, kumbe yuko anakula na kunenepa, mtazameni!

Wazee wakaanza kuguna. Nikaona aproni mpya inatabasamu. Nikaona dada anatazama jiko, lile sufuria kubwa lenye mpini uliopinda, kama mtu anayeaga. Nikajua lazima niokoe jahazi. Na mimi siokoi kwa maneno matupu, naokoa kwa takwimu.

Nikasimama. Nikasema mnazungumza uongo na ukweli, mimi nazungumza vichwa. Alhamisi kumi na wanne. Ijumaa arobaini na watatu. Ziada, watu ishirini na tisa. Waliokula Alhamisi ni tisa, Ijumaa thelathini na wanane. Hao wote walikuja kwa ajili ya nani? Kwa ajili yangu! Mimi Futikamba nimewajazia baa hii kila Ijumaa, miaka mitatu, bila hata kuwepo!

Nikangoja makofi.

Mama Kaunta akaniomba nirudie. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Akauliza: bila hata kuwepo? Nikasema bila hata kuwepo! Akauliza: na jana, baada ya kusema kwamba upo, waliondoka wangapi? Nikasema kwa haraka haraka, ishirini na sita. Niliwahesabu wakitoka.

Akakuna shavu. Akatangaza uamuzi. Jiko ni la dada, kuanzia leo mpaka achoke mwenyewe. Picha inabaki. Benchi linabaki. Ijumaa inabaki. Marehemu anabaki marehemu, maana yule alikuwa mtu mzuri, hana kelele na anajaza baa. Na huyu binamu yake arudi kwenye mayai yake. Siku binamu akikanyaga tena hapa, siku hiyohiyo jiko linakwenda kwa mke wa Kibiriti. Nani anapinga?

Hakuna! Akauliza nani anakubali, mikono yote juu! Hata Kibiriti kanyoosha wake, anasema atafanya nini, marehemu alikuwa rafiki yake. Wakati natoka, dobi alinifuata akanishika bega, akasema pole sana kwa msiba.

Nje, dada alikaa juu ya kreti la chupa. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanaruka. Akasema, kaka, umeniokoa bila kujua. Nikasema nilijua. Akasema hukujua. Nikasema niliuona mwelekeo wa hesabu. Akanivuta nikakaa kwenye kreti, akaniegemea, kreti likalia. Akasema usije ukatutoka tena. Nikasema sawa. Tukakaa hivyo. Kisigino hakikuniuma kwa muda.

Jumapili, 15 Juni

Nimeondoka. Shemeji kanibebea sanduku, tukapitia dirishani. Dada kanifungia viazi kwenye kitambaa. Nimeahidi mambo mawili: simu kila Jumapili, na kwamba sitakanyaga kwa Mama Kaunta, wala mimi wala binamu. Dada alinifanya nitaje wote wawili. Basi lilipoondoka alipunga mkono mpaka tukapinda. Nilijikaza, lakini abiria wa pembeni alinipa karatasi ya kufutia macho.

Karibu na mji wa kwanza nikaanza kuhangaika. Ijumaa ijayo watakaa palepale. Glasi moja, hadithi moja. Kibiriti atasimama. Na safari hii nani yupo wa kusahihisha?

Nimebadilisha upande wa kukaa mara nne. Abiria wa pembeni amehama.

Ijumaa, 20 Juni

Karakana. Leo nimekata geti la mteja likapungua sentimita kumi na mbili. Fundi wangu mkuu kaniuliza kama naumwa. Nikasema nafikiri. Akasema basi, bosi, fikiria mbali na msumeno.

Sikungoja Jumapili. Jioni nimempigia dada, nikaisikia baa nyuma yake inavuma. Anasema wamefika hamsini na mmoja. Chakula kimekwisha mapema. Sauti yake nyepesi kama ya mtu aliyeoga. Anasema aproni sasa ina jina lake, Mama Kaunta kamtengenezea. Nimefurahi, kweli nimefurahi. Kisha nikauliza, kwa kupita tu, kama Kibiriti kasema lolote kuhusu drafti.

Akasema, kaka, achana nayo. Nikasema niambie tu, niko mbali, nitafanya nini? Akasema Kibiriti kafikisha thelathini na sita.

Thelathini na sita! Na michezo ni ileile arobaini na minane! Kwa hiyo mimi nimeshuka mpaka kumi na miwili, na bado ninashuka, nikiwa nimelala kaburini sina pa kulalamikia!

Nimezunguka karakana mara nyingi. Nimetulia. Nimefikiria kama mtu mzima. Ahadi ni ahadi, na jiko la dada ni jiko la dada. Mimi siruhusiwi. Binamu haruhusiwi.

Mjomba hajatajwa.

Mjomba wa marehemu, upande wa mama. Mzee sana, kiziwi kidogo, fimbo mkononi, mpole, hana neno na mtu. Ila hesabu za drafti anazikumbuka zote. Atakaa pembeni tu asikilize, na ataondoka mapema. Hakuna mtu atakayejua.

Tangu Jumanne sijanyoa ndevu. Nimepima sasa hivi: milimita moja na nusu.